Mama Povu Arudisha Gari la Kampuni

Gazeti lilikuwa la juzi, lakini kijiweni kwa Bibi Birika habari haichachi mpaka Mzee Kifungu aisome kwa sauti. Mzee huyo alikuwa karani wa bohari kabla ya kustaafu, na jina alilipata kwa kutaja vifungu vya sheria hata akiombwa kusogea kidogo kwenye benchi.

"Sikilizeni," alisema, miwani ikimning'inia puani. "Wafanyakazi wanakumbushwa kuhakiki fomu zao za kodi za mwaka. Kosa la mwajiri, mwajiri alirekebishe. Asiyehakiki asimlaumu mtu."

"Asiyehakiki ni huyu hapa, tajiri wetu," alidakia Komandoo, mlinzi wa geti, akimwelekezea kidole Mama Povu. "Mwulizeni gari lake kaliegesha wapi."

Mama Povu hakucheka. Alikuwa mfuaji katika kampuni ya kufua mashuka ya mahoteli, hapo hapo nyuma ya ukuta walioegemea, na vidole vyake vilikuwa bado vimekunjamana kwa maji. Alitandaza fomu pajani akaisoma kwa mara ya kumi: *Marupurupu: gari la kampuni, moja.*

"Mwaka mzima nakatwa kodi ya gari," alisema. "Hilo ningelimeza. Lakini leo asubuhi nimeipeleka chekechea, kumwombea mwanangu nafasi ya bure. Yule dada wa dirishani kaisoma, kaniangalia viatu, kaisoma tena. Kaniambia nafasi ni za wazazi wa hali ya chini, si za wenye magari. Na orodha inafungwa saa tisa."

"Sasa saa saba na nusu," alisema Bibi Birika, akimmiminia kahawa ambayo hakuiagiza. "Gari lenyewe lilitoka wapi, mwanangu?"

"Ni toroli langu la mashuka."

Benchi zima likamgeukia. Kisha Komandoo akacheka mpaka kahawa ikamtokea puani.

"Karani wa mishahara anasema programu mpya ilimtaka aingize kila kifaa tulichosainia," Mama Povu aliendelea. "Ikamwuliza, kina magurudumu mangapi? Akajibu manne. Ikamwambia hilo ni gari. Naye akaona mashine ya bei ile haiwezi kusema uongo."

"Shukuru hayakuwa sita," alisema Komandoo. "Ungeandikiwa lori."

"Na wewe ukasaini," Mzee Kifungu alimkunjia pua. "Ulipotia saini pameandikwa: nimesoma na nimekubali. Kifungu cha kumi na moja kinasema..."

"Tunasaini kwanza, mzee, ndipo tunapewa bahasha. Foleni ya watu sitini, na karani anagonga meza kwa kalamu."

"Kwa hiyo mnakubali kabla ya kusoma. Hata mbuzi hunusa jani kwanza."

"Waambie, mzee," alisema Komandoo. "Watu hawasomi."

"Wewe umeisoma yako?" Bibi Birika alimwuliza.

Komandoo alichomoa bahasha mfukoni, bado imefungwa kwa gundi, akaichana kwa kidole gumba kama mtu asiye na deni na dunia. Alisoma. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Soma tusikie, bwana."

"Nyumba ya kampuni," alisema kwa sauti ya mgonjwa. "Chumba kimoja, dirisha moja, mlango unatazama geti."

"Kibanda cha lindo," alisema Mzee Kifungu. "Nyani haoni kundule. Hongera kwa nyumba. Wakwe wakija watalala kwa zamu?"

"Chekeni, mimi sina nafasi hiyo," alisema Mama Povu. "Nimetoka kwa karani sasa hivi. Anasema fomu haibadilishwi mpaka gari lirudishwe. Lazima lifike mbele yake, alikague, ajaze kilomita."

"Andika barua," alisema Mzee Kifungu. "Mwajiri ana siku thelathini za kujibu."

"Na siku hizo thelathini mwanangu akae wapi? Juzi nimemkuta barabarani peke yake, anachezea kifuniko cha soda. Jirani niliyemwachia alikuwa amelala fofofo."

Hapo hata mzee alikunja gazeti. Mama Povu naye akaikunja fomu yake.

"Kasema lifike mbele yake," alisema taratibu, kama anayeonja chumvi. "Basi litafika." Akainuka, akaingia getini.

Dirisha la karani lilikuwa juu ya benchi lile lile, nalo lilikuwa wazi. Walisikia gurudumu bovu likilia ukumbini kabla hawajaona kitu. Wote wakapanda juu ya benchi, Mzee Kifungu akishikwa mkono. Mlango ulisukumwa, likaingia toroli lenye mlima wa mashuka mabichi, likichuruzika juu ya zulia.

"Nini hiki?" karani aliuliza.

"Gari, kaka. Nimelirudisha."

"Hilo linamwaga maji ofisini."

"Limetoka safari."

Karani alimtazama, akautazama mlango wa meneja uliokuwa wazi kidogo, akavuta fomu ya kurudishia magari. Mkono wa mazoea ukaandika wenyewe. "Ufunguo?"

"Halina. Lina kamba."

"Kilomita?"

"Kutoka kwenye mashine mpaka pa kuanikia, hatua arobaini. Zidisha kwa mwaka, wewe ndiye msomi."

"Mwulize na mafuta," Komandoo alisema dirishani.

Maji yalikuwa yamefika kwenye viatu vya karani. Aliandika: *limerudishwa, hali njema isipokuwa gurudumu moja.* Akabonyeza, mashine ikakohoa, ikatoa fomu mpya. Mama Povu aliisoma mstari kwa mstari, kidole kikitangulia. Karani aligonga meza kwa kalamu. Mama Povu alimwacha agonge. Penye gari palikuwa patupu. Ndipo akasaini.

"Haya," karani alimsogezea karatasi nyingine. "Saini na hapa, ulipokee tena. Hoteli inangoja mashuka saa nane."

"Gari la kampuni?" Mama Povu aliisokomeza fomu yake mpya kifuani. "Siwezi, kaka. Sina leseni."

Walimwona akivuka barabara mbio, viatu mkononi.

"Saa nane kasorobo," alisema Bibi Birika. "Atawahi."

Karani akatoa kichwa dirishani. "Jamani, nani atanisaidia kulisukuma hili?"

"Lina magurudumu manne, bwana," alimjibu Komandoo, akishuka benchi. "Tia gia uondoke."