Chupa Mbili za Dawa ya Pancha

Jumanne, 10 Juni 2025
Josephat wa duka la baiskeli ameleta dawa ya pancha, ile ya kumimina ndani ya tairi zisizo na tyubu. Kuna nyeupe na ya kijani. Nikamuuliza ipi nzuri. Akasema zote zinauzika. Jumamosi tunaendesha Buswelu hadi Bujora, na hukohuko chama chetu cha baiskeli kinachagua kapteni. Ni mimi au Masele. Nimeutaka ukapteni miaka miwili. Nikikosea dawa, miiba ya mbigiri ya pale Kisesa, njiani, itanifanya niingie Bujora nasukuma baiskeli. Nimenunua zote mbili.

Jumatano, 11 Juni
Wazo. Ya kijani nimempelekea Masele kama zawadi. Aijaribu yeye kwanza. Ikizingua, tairi ni zake. Alinipokea kwa mikono miwili, akasema hajawahi kupewa kitu na mpinzani. Mkewe, Paskazia, akanifungia mayai. Nilijisikia vibaya mpaka kona ya barabara.

Alhamisi, 12 Juni
Masele amepita juu ya miiba makusudi. Tairi ngumu vilevile. Kwa hiyo ya kijani inafanya kazi, na mimi sina. Hapo sikuwa nimefikiria. Dukani imekwisha.

Nimetia nyeupe. Nimeimimina taratibu, bila kuitikisa. Kwetu Kagera kahawa ikishachemka huachwa itulie, mashapo yabaki chini. Mke wangu, Kokushubira, aliuliza kama nimesoma maelezo. Nikamjibu kwamba mtoto wa mkulima wa kahawa hafundishwi kumimina.

Jumamosi, 14 Juni
Kisesa. Pancha mbele na nyuma. Kilichotoka tairini ni maji matupu. Masele alishuka, akaniuliza kama niliitikisa. Ya kwake aliitikisa kama mama yake anavyotikisa maziwa kwenye kibuyu. Dawa yangu yenyewe imebaki nyumbani, imetuama ndani ya chupa. Akavuta kwa bomba la sindano nusu ya dawa ya tairi zake, akanitilia, akanipigia na upepo. Tuliingia Bujora wa mwisho, pamoja.

Wakati wa kura alisimama. Akasema anayempa mpinzani wake dawa ndiye anayefaa ukapteni, yeye anajitoa. Watu wakapiga makofi. Nilitaka kusema ukweli, kweli nilitaka, lakini makofi yalikuwa marefu.

Jumapili, 15 Juni
Misani sikuweza kumtazama Masele. Mtu mwema vile, nami nimemfanya wa kujaribia vitu. Nina aibu. Nimeapa kumlipa wema wake kwa zawadi ya moyo, na nimetoka kanisani moja kwa moja hadi dukani. Kuna breki mpya za aina mbili. Zangu zimelika, na Josephat mwenyewe hajui zipi zinashika. Nimemchukulia Masele pea moja. Kesho anashuka nazo mlima. Pea nyingine ya aina hiyohiyo nimeomba niwekewe, zisije zikaisha kabla hajafika chini.