Bega la Kushoto

Jumapili, 3 Machi

Nimetolewa asubuhi kwenye tenisi ya mmoja mmoja. 6–1, 6–0, na msichana mwenye vyuma vya meno. Dakika hamsini tu. Hata jasho halikunitoka vizuri.

Kwa hiyo imebaki wawili wawili. Mwaka jana, wiki kama hii, mimi na mdogo wangu tulifika nusu fainali hapa hapa. Pointi zile zinafutwa Jumatatu ya tarehe 11. Nisiposhinda walau mechi moja, jina langu linatoka kwenye orodha ya dunia. Miaka kumi na moja ya tenisi! Mdogo wangu naye yumo hatarini vilevile, ila yeye halalamiki. Amefua soksi zetu kwenye sinki, akazianika juu ya taa, sasa amejilaza kwenye kitanda chetu kimoja anakoroma.

Nimesikia Mnara hana mwenza. Mwenza wake kafiwa, karudi nyumbani. Maskini. Mnara ni mrefu kama jina lake, wa 340 duniani, na akianzisha mpira haurudishiki. Mungu hamtupi mja wake!

Jumatatu, 4 Machi

Mnara amekubali. Bila kuniangalia, lakini amekubali. Saa nne tulikuwa tumeshajiandikisha kwa refa.

Mdogo wangu nimemwambia bega linanisumbua, daktari kanikataza wawili wawili, atafute mwingine upesi. Nilikuwa nimelifunga bandeji kabisa. Akauliza mbona la kushoto, wakati dada anapigia mkono wa kulia. Nikasema maumivu yanatembea. Akachukua dawa ya kuchua, akanichua nusu saa nzima. Roho iliniuma sana. Halafu nikasinzia.

Mama kapiga simu. Nikaropoka habari za Mnara. Akasema usiache mbachao kwa msala upitao. Nikamjibu tunazungumzia tenisi, si mikeka. Akakata.

Jumanne, 5 Machi

Ratiba hubandikwa ukutani, nje ya chumba cha kubadilishia nguo. Hilo sikulifikiria! Mdogo wangu alisimama mbele yake muda mrefu, kidole juu ya jina langu. Afadhali angenitukana.

Amempata Bibi, mchezaji wa miaka thelathini na minane, magoti yote mawili kayafunga plasta. Nilimwonea huruma mpaka nilipoona raundi ya kwanza: sisi dhidi yao. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikamnong'oneza Mnara siri ya familia, kwamba mdogo wangu hawezi mpira wa juu upande wa kushoto. Hajauweza tangu utotoni.

Jumatano, 6 Machi

Anauweza.

Tulimpigia huko mchezo mzima, akarudisha yote. Kumbe kila asubuhi nikiwa nimelala alikuwa anaufanyia mazoezi ukutani. Bibi ndiye aliyenieleza, tena sikumuuliza.

Seti moja kwao, moja kwetu. Kwenye pointi za kuamua, wao tisa, sisi nane, wamebakiza moja tu washinde. Mdogo wangu akaanzisha. Mpira laini, mkono wangu wa kulia, ule ambao hata mama angeurudisha. Nikauzika wavuni.

Mnara alikusanya raketi zake akaondoka bila kunipa mkono. Alimwambia kocha wake, kwa sauti ya kusikika viwanja vyote, kwamba alicheza peke yake kama yatima. Mdogo wangu akaja wavuni, akaniuliza bega linaendeleaje. Mpaka sasa sijui kama alinikejeli, na naogopa kumuuliza.

Jumatatu, 11 Machi

Orodha imetoka. Nimeisoma kutoka juu hadi chini, halafu kutoka chini hadi juu. Simo. Nilijifunika shuka nikalia hadi kwikwi zikanishika. Sikujua kwamba mtu anaweza kufutwa kimya kimya hivi, bila hata barua.

Mdogo wangu yumo; yeye na Bibi walifika hadi fainali, amepanda nafasi arobaini. Aliingia na chai, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akasema yaliyopita si ndwele, wiki ijayo tujiandikishe pamoja, nafasi yake huenda ikatubeba wote wawili. Akasema dada ni dada. Nilimkumbatia. Nilimwambia ndiyo, na kwa kweli nampenda kuliko mtu yeyote duniani.

Alipokwenda mazoezini nikamwandikia yule msichana wa vyuma vya meno, kumuuliza kama ana mwenza. Akikataa si neno, mdogo wangu yupo.