Filamu Ninayoijua Neno kwa Neno

Jumatatu, 8 Septemba

Vita imetangazwa! Mama Lamunu, mwenye kibanda cha video hapa chini ya kilima cha Mbuya, amesema Jumamosi mchana hakuna tena filamu. Mpira tu. Ati watu wa filamu tumebaki wanane, na wawili kati yetu huja kulala. Nilisimama. Nikamwambia anipe Jumamosi moja, nimjazie viti vyote sitini. Akauliza kwa filamu gani. Nikasema: Ufagio wa Hekalu! Akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini amekubali. Viti sitini, la sivyo mpira mpaka kiama.

Na kipaza sauti nitashika mimi! Mimi, Okidi, askari wa lango la supamaketi Kansanga, nitakuwa VJ. Nitawatafsiria watu filamu kwa Kiswahili, kama marehemu Sajini Ogwang alivyotutafsiria hii hii tukiwa watoto wa kambi ya jeshi. Nimeingoja siku hii miaka thelathini.

Jumanne, 9 Septemba

Kanda ya Sajini ninayo chini ya kitanda. Imeota ukungu. Nimekwenda kwa Nasser, anayeuza simu Kansanga katika duka la babu yake, na ambaye anajua kila kitu, muulize mwenyewe. Ameipata kwenye mtandao kwa dakika nne! Kichina chake chenyewe, maandishi ya Kiingereza chini. Akanitilia kwenye flashi kwa sharti kwamba akae kiti cha mbele.

Akasema eti hizi za zamani zote ni moja. Zote moja! Nikamweleza ubora wake pale pale, wateja wakisikia. Hakuna kompyuta. Mtu anaporuka kutoka paa la hekalu, ameruka yeye. Anapoporomoka ngazi arobaini, ni mgongo wake. Unaona ngumi inapoanza na unaona inapofika. Na shujaa anachoka! Anapangusa jasho, anahema, anaendelea. Filamu za leo mtu anapiga watu mia na shati bado limenyooka. Halafu ile sauti ya ngumi: pwaa! Hakuna nyama inayotoa sauti hiyo duniani, ndiyo maana ni tamu. Na anafagia hekalu miaka mitatu kabla ya kufundishwa teke moja. Mitatu!

Mteja mmoja aliondoka bila kununua. Nasser akanitoa nje. Mlangoni akaniuliza kama nitaitazama kwanza, maana kanda za zamani zilikuwa na mapengo. Nitazame nini? Kweli, ya kwetu ilikatika karibu na mwisho zikaingia picha za arusi ya mtu, na Sajini alikuwa akizima televisheni na kumalizia kwa mdomo. Lakini alimalizia vizuri sana. Kwa hiyo mwisho ninao.

Jumatano, 10 Septemba

Nimebuni tangazo! Baada ya zamu nimechukua ufagio wa mke wangu Alum, ule wa mti mrefu, nikasimama kando ya barabara kuonyesha mtindo wa Kufagia Ngazi. Teke, zunguka, fagia! Watu wakajaa. Kisha zikaja sare mbili. Nilikuwa nimesahau kwamba wanajeshi ni jirani zetu hapa kilimani.

Koplo mmoja, Okwir, akauliza, "Wewe, hiyo silaha gani?" Nikamweleza. Uso ukabadilika. Kumbe naye ni mtoto wa kambi, alikaa chini mbele ya televisheni ya Sajini kama mimi! Akasema shujaa alifagia miaka minne. Mitatu! Minne! Tukabishana nusu saa. Kisha akaomba teke la mwisho. Ufagio ukavunjikia kwenye nguzo ya umeme. Koplo atakuja na wenzake kumi. Alum bado hajui kuhusu ufagio.

Alhamisi, 11 Septemba

Alum amejua kuhusu ufagio. Amekumbushia pia mlango wa choo unaoning'inia tangu Pasaka. Nimemwambia msanii hashiki nyundo wiki ya onyesho. Jibu lake siandiki.

Nimemwalika Mama Akot, mjane wa Sajini. Nikamwambia ataiona filamu ya mzee, safi, mwanzo mpaka mwisho. Akaweka kikombe chake chini. Akauliza, mpaka mwisho? Nikasema mpaka mwisho kabisa! Akasema haya, atakuja. Furaha ilimzidi, nadhani.

Jumamosi, 13 Septemba

Watu sitini na saba! Wengine walikuja kwa mpira, wakakosa pa kutokea. Saa nzima ya kwanza niliruka nao. Ngumi ikitua, nasema pwaa, kibanda kizima kinasema pwaa! Koplo Okwir aliketi kwenye kreti ya soda. Mama Lamunu aliacha kuhesabu vichwa akawa anatazama.

Kisha tukafika pale zilipokuwa zikiingia picha za arusi. Nikavuta pumzi nikatangaza kama Sajini: amemfagia adui, anarudi nyumbani kwa watoto wake! Kwenye televisheni shujaa akaanguka. Nikasema anapumzika. Theluji ikaanza kumfunika. Nikasema amechoka sana. Wakaja watu na jeneza. Nikasema wanamsindikiza kwa heshima.

Nasser akasimama kwenye kiti chake cha mbele, akasoma maandishi kwa sauti: "Watoto, baba yenu hatarudi."

Fujo! Mmoja ananiita mwongo, mwingine anadai Nasser hajui Kiingereza, Koplo anamwamuru aketi. Ndipo Mama Akot aliposimama. Akasema mzee aliujua mwisho huo. Aliufuta mwenyewe, akarekodi arusi yao juu yake. Alisema, "Hawa watoto baba zao wako vitani, kila siku wanatazama lango. Mimi siwaonyeshi baba ambaye harudi."

Koplo Okwir alivua kofia. Baba yangu mimi hakurudi. Lakini kila Jumamosi, kwa Sajini, mtu mwenye ufagio alirudi. Nililia mbele ya watu sitini na saba, na kipaza sauti hakikuzimwa.

Jumapili, 14 Septemba

Ushindi! Mama Lamunu ametupa kila Jumamosi mchana. Watu walibishana mpaka saa kumi na mbili, miaka mitatu au minne, arudi au asirudi, na soda zote zikaisha.

Nasser amekuja na flashi nyingine: Ndoo Saba za Mtawa. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama safari hii nitaitazama kwanza. Nitazame nini? Nimeshamwahidi Mama Lamunu watu themanini. Nimeshamwambia Koplo kwamba inaipita hata Ufagio, na kwamba shujaa anafika nyumbani mapema, kabla ya chakula. Sijawahi kuiona, lakini mtu ukizijua hizi, unazijua.

Alum amenunua ufagio mpya na kuuficha chooni. Nimeuona kwa sababu mlango haufungi. Mti wake ni mgumu kuliko wa kwanza. Kesho baada ya zamu, pale pale penye nguzo.