Kidoa Chekundu

Jumatatu, 3 Juni
Baba mkwe ametangaza kwamba macho yamemchosha, haendeshi tena. Pikipiki yake ya zamani ataipata mkwe atakayeiwasha kwa kiki moja Jumapili. Wakwe tupo wawili: mimi na mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu. Yeye ni fundi pikipiki. Mimi nashona mapazia. Lakini nimemzidi mbio! Nimeshaikokota hadi uani kwangu, eti naifuta vumbi. Mke wangu ameguna tu. Dalili njema.

Jumanne, 4 Juni
Nimefungua kifuniko cha ubavuni. Hakuna platini za kukatia umeme kama pikipiki za kale, moto wake ni wa elektroniki. Kuna sahani imebeba koili ya waya. Ukiizungusha huku, cheche ya plagi inawahi. Kule, inachelewa. Ukingoni palikuwa na kidoa chekundu, nusu kwenye sahani, nusu kwenye injini. Uchafu! Nikalegeza skrubu, nikakisugua kwa petroli mpaka kikaisha. Mzee hajui usafi.
Kwenye sumaku inayozunguka kuna herufi mbili, T na F. Sina haja ya kumuuliza mtu. T ni Tayari. F ni Funga. Nimepanga sahani kwenye T, nikafunga.

Jumatano, 5 Juni
Imewaka kwa kiki ya tisa, haina nguvu hata ya kunguruma. Kisha ekzosi ikalipuka kama bomu. Mama jirani akaangusha beseni la nguo. Amemshauri mke wangu arudi kwao.

Alhamisi, 6 Juni
Nimezungusha sahani upande wa pili, na sikufanya ubahili. Kiki ikarudi juu kwa hasira, ikanikuta ugokoni. Nimeona nyota saa nne asubuhi! Wateja nimewaambia niliumia nikiokoa paka.

Ijumaa, 7 Juni
Mbinu mpya. Nimempigia mwanyumba kwa simu ya dukani, nimebana pua, najifanya mteja. Akaeleza kwa upole: T ni pistoni ikiwa juu kabisa. F ni pale cheche inapopiga, kabla kidogo ya hapo. Ili kupata sawasawa, unamulika taa ya taimingi, inayoonyesha cheche inapiga kwenye alama gani, injini ikiwa inazunguka. Nikashukuru kwa sauti ya puani.
"Karibu tena," akasema. "Na ugoko unaendeleaje, mwanyumba?"
Nimekata simu. Nani kamwambia? Sahani nimeirudisha kwenye T; Tayari ni Tayari.

Jumamosi, 8 Juni
Mke wangu ametoka kwa dada yake na taa ya taimingi mkobani. Akaniuliza kidoa chekundu kiko wapi. Eti ilikuwa rangi ya kucha ya mama yake! Baba mkwe alikitia mwenyewe, ili atakayefungua ajue sahani ilikaa wapi. Nikakumbuka ghafla kwamba kuna mteja anasubiri mapazia.
Niliporudi, kifuniko kilikuwa kimefungwa. Mke wangu alikuwa ananawa grisi. Nadhani aliifuta vumbi.

Jumapili, 9 Juni
Familia nzima uani kwa baba mkwe. Nikapiga kiki moja. Ikawaka! Nilitamani kulia. Nikamtazama mwanyumba kwa huruma.
Mzee akanipa mkono, akauliza nimepanga kwenye alama gani. Nikajibu kwa kifua mbele: T, ya Tayari. Mwanyumba akapaliwa na chai.
"Baba, nimepanga mimi," mke wangu akasema. "Kwenye F."
Mzee akamkabidhi funguo papo hapo. Nimerudi nyumbani nimepakiwa nyuma, nimemshika kiuno, naye anacheka kila kona. Aibu iliniuma kuliko ugoko. Lakini anaendesha vizuri. Sitamwambia.

Jumatatu, 10 Juni
Cherehani ya mama mkwe inaruka mishono. Nimeibeba kabla mwanyumba hajapata habari. Hiki ni chombo cha fani yangu, hapa hanipati! Karibu na skrubu ya kukazia uzi nimeona kidoa cha bluu, kimeganda siku nyingi.
Bahati nzuri petroli haijaisha.