Korongo, Chui na Chunjua Langu

Jumatatu, 2 Februari

Simu yangu ina kamera bora kuliko simu zote za kando ya mfereji huu. Hakuna anayebisha.

Haya, Tám anabisha. Halafu simu yenyewe si yangu, ni ya mwanangu aliyeko mjini. Aliiacha hapa kwa sababu kioo kimepasuka. Mke wangu pia anabisha. Lakini wengine wote hawabishi, maana sijawauliza.

Habari kubwa leo! Chama cha Wazee kimetangaza kwamba siku ya pili ya Tết, mwaka wetu mpya, waliotimiza miaka themanini wataheshimiwa ukumbini. Kanzu nyekundu, chai, hotuba ndefu. Na picha! Kila mzee apeleke yake, na itakayopendeza zaidi itakuzwa iwe kubwa kama mlango, itundikwe pale mbele. Waliotimiza themanini kijijini ni wawili tu. Mimi, na jirani yangu Tám. Mbingu nazo zina utani.

Ukumbi si shida yangu. Shida yangu ni baadaye. Picha hiyohiyo ndiyo itakayowekwa kwenye madhabahu ya nyumbani nikishakufa, nifukiziwe ubani. Kaka yangu Năm hakujiandaa. Alipokufa tulikuta picha moja tu, ya kitambulisho, tukaikuza. Miaka ishirini sasa anatutazama kutoka pale juu kama mtu aliyekamatwa kaficha bata wa jirani chini ya shati. Wajukuu wanamwogopa. Mimi sitaki hivyo. Nataka wakija kunisujudia, wacheke kidogo.

Mke wangu, Bi Sáu, anayeitwa kwa jina langu, kasema nichague vizuri, maana atakayekaa na sura hiyo kila asubuhi ni yeye. Nikamuuliza kajuaje kwamba mimi ndiye nitakayetangulia. Akasema, "Jitazame."

Jumanne, 3 Februari

Kibandani kwa Bi Út, muuza kahawa. Tám kaja na simu mpya aliyoletewa na binti yake, chapa Korongo. Kamera nne mgongoni! Yangu ni chapa Chui, kamera mbili. Nikamuuliza macho manne ya nini, anawinda kaa? Akajibu kwamba yangu ni mawili, na moja lina mtoto wa jicho. Watu wakacheka. Kahawa ikanipalia.

Tukaafikiana shindano. Kitu kimoja, simu mbili, Bi Út mwamuzi. Kitu chenyewe ni chunjua langu la kidevuni. Lina nywele tatu ndefu za bahati, sijazikata tangu ujana. Kamera ya kweli lazima izionyeshe zote tatu.

Korongo ikaanza. Lo! Uso mweupe, laini kama andazi la mvuke, midomo myekundu. Bibi harusi! Na chunjua? Hakuna. Imelimeza, na bahati yangu yote ndani yake. Tám akashangilia, eti mzee mwenzangu umerudi thelathini. Nikamwambia mimi nilioa, sikuolewa.

Ikaja zamu ya Chui. Nywele zote tatu, unaweza kuzichana. Lakini pia kila kitundu, kila kunyanzi, na punje ya wali wa asubuhi. Bi Út akazitazama zote mbili, akaamua: huyu wa kwanza si Mzee Sáu, na huyu wa pili ni Mzee Sáu kupita kiasi.

Sare.

Alhamisi, 5 Februari

Mpango! Shule niliishia darasa la tatu, mwalimu akachoka, lakini hili nalijua: kamera ni kioo tu. Kioo kikichafuka, kamera imekwisha. Basi leo Tám alipokwenda kujisaidia, nikachovya kidole kwenye mafuta ya nguruwe ambayo Bi Út hukaangia ndizi, nikayapaka macho yote manne ya Korongo. Taratibu, kama namkanda mtoto. Tám aliporudi, nikajitolea kumpiga picha mimi mwenyewe, kwa simu yake mwenyewe, mbele ya mashahidi.

Balaa!

Imetoka na ukungu mwororo. Mwanga umemzunguka kichwani. Maua ya nyuma yake yameyeyuka kama asali. Tám anaonekana mtu mwema. Tám! Bi Út akashika kifua, akasema huyo tayari ni mhenga, anasubiri ubani tu. Na mke wangu, mke wangu wa ndoa, akaomba aione tena.

Tám kanishukuru, kasema nina mkono mzuri. Sikula chakula cha mchana. Haya, nilikula kidogo.

Jumamosi, 7 Februari

Vijana wa mjini wamejaa kijijini, wanakuja kuyapiga picha maua yetu kabla hatujayapeleka soko la Tết. Msichana mmoja kanikuta najipiga picha kivulini, nimekodoa macho. Kaniambia, "Babu, shida si simu, ni mahali ulipokaa. Keti asubuhi, upe uso jua, halafu usiitazame simu kana kwamba imekutukana."

Mtoto wa juzi! Nikamshukuru, nikamuuzia chungu cha maua kwa bei ya mjini. Ingekuwa ni jua tu, nani angehangaika kununua simu?

Jumapili, 8 Februari



Asubuhi Tám kaja na maneno yake. Eti Korongo inaweza kupendezesha hata mimi, na yuko tayari kunionyesha. Nikasema haya. Tukaingia mtumbwini, tukapita kati ya vichanja vya maua vilivyosimama majini. Mke wangu kashika pondo. Mimi nimekaa katikati na kanzu nyekundu, nimeweka uso wa heshima. Tám akaifuta simu kwa shati, akaiegemeza kwenye chungu juu ya kichanja, akaiamuru ihesabu hadi kumi kisha ipige, akaketi chini asionekane.

Ilipofika saba akaona imeinama. Akainuka kuinyoosha. Mtumbwi ukayumba, akaniangukia begani, mimi nikaelekea majini, mke wangu akanidaka ukosi. Na mimi nikacheka. Sikupanga. Kicheko kilitoka chenyewe, nikiwa nusu mtumbwini na nusu kwa samaki. Simu ikapiga.

Tukaipeleka kwa Bi Út. Watu wakaacha kukoroga kahawa. Jua la asubuhi limenijaa usoni. Meno yangu mawili yanang'aa. Nywele zote tatu zinapepea, unaziona moja moja. Korongo haikupata nafasi ya kunipaka poda. Ni mimi! Mimi hasa, siku ambayo sijamkosea mtu. Mke wangu akasema polepole kwamba hii, mzee, hii angeweza kukaa nayo.

Halafu Bi Út akaanza kuhesabu kwa kidole. Mmoja. Wawili. Watatu. Akaweka glasi chini.

Watu watatu katika picha moja! Na hata mtoto mchanga wa huku anajua: wa katikati ndiye hufa kwanza.

Wa katikati ni mimi.

Jumanne, 10 Februari

Leo Mungu wa Jikoni anapanda mbinguni kupeleka taarifa za nyumba yetu. Nimemwekea kashata za ufuta, zinazonata, meno yagande akifika kwenye habari ya mafuta ya nguruwe.

Picha nimeifikiria siku mbili. Kwenye kona kuna bata amejitokeza nusu. Nikamwambia Tám kwamba watu watatu na bata ni wanne, mkosi umeisha. Akasema bata si mtu. Nikasema nimewafahamu bata wenye akili kumzidi. Basi tumkate Tám? Mkono wake unabaki begani kwangu, hauna mwenyewe. Tumkate mke wangu? Ukosi unasimama wima kama navutwa na jini. Tám mwenyewe hana habari, anatafuna mbegu za tikiti. Yeye yuko pembeni! Picha kanitumia bila hata kuombwa, mshenzi huyu, kisha akaniuliza ningependa jeneza la rangi gani.

Mke wangu kaniuliza, "Una miaka themanini, mzee, na unachoogopa ni picha?"

Nikamwomba aniongezee wali.

Ijumaa, 13 Februari

Nimepata dawa! Mtu wa nne!

Nimekwenda mjini kwa Lạc wa duka la picha, nikamwambia aniongezee mtu mtumbwini, yeyote yule. Akasema hana watu wa kugawa, nilete picha ya mtu wangu. Nikapekua pochi. Kulikuwa na moja tu, ya kaka Năm, ileile ya kitambulisho. Lạc akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia afanye kazi yake.

Kamkalisha mbele kabisa ya mtumbwi. Kichwa kimezidi kidogo, rangi hana, na macho ni yaleyale ya bata wa jirani. Lakini ni wanne! Nimerudi nyumbani nikitembea kama mkuu wa mkoa.

Jumapili, 15 Februari

Nimeipeleka ukumbini. Sitasahau.

Bi Út, aliyekuja kupika chai ya wazee, kaangusha birika. Kasema nimewapakia hai watatu na marehemu mmoja katika chombo kimoja, tena marehemu ndiye aliyekaa mbele, ndiye anayejua njia. Anatupeleka wapi? Hilo sikuwa nimelifikiria. Tám, yule wa pembeni asiye na habari, kaitazama mara moja tu, katoka mbio kuelekea hekaluni. Kandambili moja kaiacha mlangoni. Mwenyekiti wa Chama kaifunika picha kwa gazeti, kaniomba nirudi nayo nyumbani kwa njia ya nyuma.

Nilidhani mke wangu atapiga kelele. Hakupiga. Kaifuta vumbi, kaitundika ukutani, mkabala na madhabahu. Kasema shemeji yake kakaa peke yake miaka ishirini, acha ajione yuko na watu.

Jioni nilimtazama Năm pale juu. Sura ni ileile ya mtu aliyekamatwa. Ila sasa kama wamemwachia.

Jumatano, 18 Februari

Siku ya pili ya Tết. Ukumbini ametundikwa Tám, mkubwa kama mlango, na ukungu wangu, na mafuta yangu! Mwenyekiti kahutubia kuhusu "nuru ya uzee mwema". Nuru gani! Ile ni nuru ya ndizi za kukaanga. Na pembeni, kwa kuwa sikuwa na nyingine, nimebandikwa mimi, ile ya Chui, ndogo kama bahasha, punje ya wali wazi kabisa. Watu wamenipongeza kwa chunjua.

Tám kanipigapiga bega, kasema labda nikifika tisini. Kavaa kandambili mpya.

Lakini nimejifunza. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la chapa. Chui ovyo, Korongo ovyo. Bi Út kaletewa zawadi ya Tết na mwanawe, simu chapa Mamba. Kamera tano. Tano!

Bi Sáu, najua unasoma humu. Ukurasa wa juzi una alama ya kidole inayonuka samaki. Sina kinyongo. Ila kumbuka nilikushikia ngazi ulipokuwa ukitundika taa za Tết, na kiuno changu hiki, ukashuka bila hata asante. Una deni langu dogo. Kesho alfajiri nenda kamwazime Bi Út huyo Mamba, unipige moja tu, peke yangu, kabla Tám hajaamka. Mafuta ya nguruwe nimeyaweka kwenye kikombe cha bluu. Paka macho yote matano, usibane.