Mimi Nangoja Mmoja Aanguke

Jumapili, 19 Novemba 2006

Bosi Musallam katoa tiketi za kwenda nyumbani Krismasi na kurudi. Tatu tu! Na duka letu la magari hapa Wattaya, Omani, lina Wakristo kumi na mmoja wanaozitaka. Ugomvi ulianza kabla ya chai ya saa nne. Peninah wa mapokezi alisema apewe yeye, kaacha mtoto bado ananyonya. Josphat dereva alisema yeye ndiye wa zamani kuliko wote. Wa zamani kwa kulala garini, labda.

Mimi nilinyamaza. Mama kule Bukoba macho yanazima. Kwenye simu kasema anataka kuniona sura kabla giza halijafunga. Jambo kama hilo husemi mbele ya Josphat.

Aliyekata shauri ni Thani, msimamizi wa mauzo, Mwomani mzaliwa wa Unguja. Kasema tucheze karata nyumbani kwake Mabela siku ya Ijumaa. Poka, ile tunayoitazama sote kwenye dishi. Fedha hapana, maana mama yake hataki kamari ndani ya nyumba. Kila mtu atapewa kokwa za tende. Zikikuishia, umetoka. Watatu watakaobaki watapanda ndege.

Jumanne, 21 Novemba

Nimeipata! Nilikuwa nahesabu vipuri, ikanijia yenyewe. Wa kwanza na wa tatu wanapata tiketi ileile. Kwa hiyo kushinda ni ushamba! Kazi ni kukaa, kutupa karata zangu bila kuweka kokwa, na kuwaacha wajinga wachinjane. Tukibaki wanne simgusi mtu. Mmoja akianguka tu, mimi niko Bukoba.

Kwa furaha nikamweleza Godson fundi. Akasikiliza mdomo wazi, akasema asante sana kaka Audax. Usiku huu ndio naona nilichofanya. Nimempa mtu silaha yangu bure. Domo langu!

Jumatano, 22 Novemba

Nimepata la pili, na hili simwambii mtu. Kwa Thani kahawa inamiminwa na mama yake, Bi Bakhita. Usipotikisa kikombe anakujazia tena, ndiyo desturi yao. Na hakuna Mwomani atakayemharakisha mgeni mwenye kikombe mkononi. Basi kila zamu yangu ikifika, mimi nakunywa. Taratibu. Wengine watakereka, na mtu aliyekereka husukuma kokwa zake zote mezani kwa hasira. Josphat ana hasira za karibu.

Ijumaa, 24 Novemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Mambo yalikwenda kama nilivyopanga. Walianguka mmoja baada ya mwingine, mimi natupa karata na kunywa. Josphat kaniita Profesa. Akauliza nimekuja kucheza ama kumaliza kahawa ya wenyewe. Thani kamwambia, «Muache mgeni anywe, bwana.» Nilitaka kumbusu Thani.

Tukabaki wanne. Peninah ana mlima wa kokwa. Josphat ana kilima. Mimi nina fungu la heshima. Godson, mwanafunzi wangu mwenyewe, kabaki na kokwa mbili, na mchezo uliofuata ilikuwa zamu yake kuziweka mezani kwa lazima, apende asipende. Mchezo mmoja! Mchezo mmoja tu na mama ananiona!

Josphat akasukuma zote. Nikafungua karata zangu: wafalme wawili. Tangu asubuhi sikuwa nimeona karata yenye sura ya mtu. Mpango unasema tupa. Najua unasema tupa, mpango ni wangu. Nikainua kikombe nipate kufikiri. Lakini kahawa ya siku nzima ilikuwa imeniingia mwilini, mkono ukaanza kutetemeka, na kikombe kikatetemeka nao. Bi Bakhita kakipokea kwa upole. «Umetosheka, mwanangu. Nlikuwa nasema huyu hana mwisho.»

Nikabaki mikono mitupu, macho yote kwangu. Josphat akasema, «Profesa, si utupe tu. Hiyo ndiyo kazi umejua.»

Nikasukuma zote.

Alikuwa na ree mbili, karata kubwa kuliko zote. Mfalme wa tatu wa kuniokoa hakutokea. Nimekuwa wa nne. Godson na vijikokwa vyake viwili anapanda ndege.

Jumamosi, 25 Novemba

Namchukia Josphat. Namchukia aliyegundua kahawa. Zaidi namchukia mwenye wafalme wawili, yaani mimi.

Mchana Godson kaja kaunta. Kasema bila somo langu angetoka wa kwanza. Kumbe alinisikia nikiongea na mama kwenye simu. Yeye kwao wote wazima, anaweza kungoja. Akanipa tiketi yake! Mkononi! Nikasema hapana ndugu yangu, siwezi.

Bila shaka nilisema hapana. Mtu aliyelelewa hapokei mara ya kwanza. Atarudi, nitakataa kidogo. Mara ya tatu nitapokea kwa uso wa huzuni. Nimeshafanya mazoezi kwenye kioo.

Jumatatu, 27 Novemba

Godson kaja. Kataka plagi za gari dogo. Nikampa. Akasimama kidogo, nikanyamaza. Hapa anayesema kwanza ndiye anayepoteza. Akachukua plagi akaondoka. Kesho hawezi kuvumilia.

Jumatano, 29 Novemba

Tiketi kapewa Eufrasia wa usafi! Alipopewa alisema asante palepale, akalia, akapiga magoti. Mtu mzima! Hana hata aibu ya kukataa mara moja.

Nilimfuata Godson gereji. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. «Kaka Audax, si ulisema hapana? Na juzi nilisimama pale, ukanyamaza.» Nikamwambia nilikuwa na mawazo. Nikaenda chooni nikakaa muda. Nililia kidogo, vumbi lilikuwa jingi.

Ijumaa, 1 Desemba

Nimempigia mama, nimemwambia siji. Halafu kasema basi nimtumie picha, kubwa, ya uso mtupu, na upesi, maana jicho la kulia limekwisha na la kushoto sasa linaona vitu vikubwa tu. Mpiga picha yupo Matrah, dakika tano kwa gari. Eufrasia ni wa Karagwe, jirani na Bukoba, kasema ataibeba mpaka mlangoni kwa mama, tena amlishe ndizi.

Nimekataa. Nikituma picha sasa, nimeonyesha kwamba nimekata tamaa. Bosi anaweza kutoa tiketi nyingine Pasaka, na Pasaka si mbali. Nimemwambia mama avumilie, nitampelekea uso wenyewe. Mwenye haraka ndiye huanguka. Sasa ni mimi na lile jicho la kushoto, tuone nani atachoka kwanza.