Joka Mwenye Sauti ya Baba Mkwe

Jumatatu, 6 Mei

Leo nimemaliza kazi kubwa kuliko zote maishani mwangu. Si video ya harusi ya shemeji. Hiyo bado. Nazungumzia zile filamu sita za majoka, ambazo mtaa mzima umezitazama mpaka watoto wanagombania majina ya wafalme wake. Ndefu mno! Farasi wanakimbia, wanapumzika, wanakimbia tena. Mimi nimezikatakata zote zikawa filamu moja. Nimeondoa mapenzi. Nimeondoa farasi wanaopumzika. Nimemwondoa kabisa yule mtumishi mfupi anayeropoka. Waliozitengeneza walikuwa na jeshi la mafundi. Mimi nina chumba kimoja cha mbele, mali ya baba mkwe, na feni inayogeuka upande mmoja tu.

Kinyozi wa mlango wa pili naye ana toleo lake. Anawaonyesha wateja wanaosubiri zamu. Kwake mtumishi mfupi yumo kila mahali, na akianguka, anarudishwa aanguke tena. Watu wanacheka mpaka wembe unayumba. Ule si uhariri, ni kelele.

Mke wangu amenikumbusha kuwa Jumamosi ukoo wote unakuja kutazama video ya harusi ya mdogo wake. Baba mkwe alishasema: video ikipendeza, chumba kinabaki studio yangu. Ikimuudhi, anampa Kinyozi, ambaye amekitamani siku nyingi aweke kiti cha pili. Nimemwambia mke wangu asiwe na wasiwasi. Amesema hana wasiwasi, ana uhakika. Hakufafanua uhakika wa nini.

Jumanne, 7 Mei

Balaa! Nimeitazama kazi yangu tena. Kumbe yule mropokaji ndiye aliyemwambia mwana wa mfalme upanga ulipo. Sasa mwana wa mfalme anaingia pangoni, anamtazama joka, joka anamtazama yeye, kisha anatoka na kuuendea upanga moja kwa moja kama aliyeuweka mwenyewe. Nimrudishe mtumishi? Kinyozi angenicheka mpaka uzeeni.

Dawa ni joka aseme yeye. Mdomo wake unafunguka na kufungika bila faida yoyote. Nikajaribu sauti yangu. Joka akawa kama ana mafua. Inatakiwa sauti nzito, ya mtu aliyezoea kuogopwa. Nilikuwa nawaza hivyo huku video ya harusi ikiendelea kwenye kompyuta, na baba mkwe akiwa katikati ya hotuba yake.

Mwenyewe kajileta! Sasa mwana wa mfalme anauliza njia, joka anaonyesha meno na kusema, "Kijana, usirudi nyumbani mikono mitupu." Anameza moto kidogo. "Na mkeo akinyamaza, usidhani amekubali." Mwana wa mfalme anainamisha kichwa kama mtu mzima aliyeelewa. Nimetokwa na machozi kwa uzuri wa kazi yangu mwenyewe.

Kompyuta imejaa pomoni, kwa hiyo sauti ya hotuba sikuinakili. Nimeikata harusini na kuihamishia pangoni. Nitairudisha kesho.

Jumatano, 8 Mei

Sikuirudisha. Nilikuwa na vita.

Nimehamishia filamu yangu kwenye flashi, nikafuta mabaki yote ili kompyuta ipumue, nikampelekea Kinyozi. Mbinu yangu: wateja waone uhariri wa kweli, waone aibu kwa niaba yake, waondoke. Wameona. Hawakuondoka. Wameita wenzao! Mzee mmoja mwenye upara kamili amekaa kwenye foleni tangu asubuhi. Kinyozi amenishukuru mbele ya watu, akaomba flashi ikae kwake siku mbili tatu. Nimekubali. Sifa zilikuwa zimenilewesha.

Alhamisi, 9 Mei

Baba mkwe ameingia studio kifua mbele. Anasema amepita pale kona, kijana mmoja akamwambia mwenzake kuwa mkeo akinyamaza usidhani amekubali, na wote wakaitikia. Maneno yake mwenyewe! Hotuba imeenea mjini, anasema, na hakujua kama watu walisikiliza. Ameniagiza nisikate hata pumzi moja. Amewaalika na wazee wenzake. Nimesema ndiyo, baba.

Alipotoka nikafungua video ya harusi. Baba mkwe amesimama, kashika maikrofoni, mdomo unacheza. Kimya. Sauti iko kwenye flashi peke yake, na flashi imechomekwa kwenye televisheni ya Kinyozi.

Mke wangu amesema niende nikaombe, mficha uchi hazai. Nimemwambia sitafuti kuzaa, natafuta chumba. Kinyozi akijua shida yangu, kiti cha pili kimeshaingia! Bora nimeze maikrofoni. Nimepata mbinu bora zaidi: kinanda kitamu juu ya hotuba nzima, na maua yanayopita polepole. Nani atagundua?

Jumamosi, 11 Mei

Wamegundua.

Sebule ya baba mkwe ilijaa. Wazee mbele, akina shangazi nyuma, bibi harusi na mumewe katikati. Mwanzo ulikuwa mzuri. Shangazi walijiona wakicheza, wakajipongeza. Kisha baba mkwe akasimama na maikrofoni, kinanda kikaanza, maua yakapita. Yakapita tena.

Baba mkwe, kwenye kiti chake, akaniambia nipunguze muziki. Nikapunguza. Akasema bado hajisikii. Nikamweleza kuwa siku hizi hekima huenda vizuri na kinanda. Akasema zima. Nikazima. Baba mkwe wa kwenye televisheni akafungua mdomo, akafunga, akanyoosha kidole, akafungua tena. Baba mkwe wa kwenye kiti akawa anafanya vivyo hivyo. Mke wangu akanitazama, akanyamaza. Sikudhani amekubali.

Nikasema sauti ipo salama kwa jirani, nikatoka mbio. Nilichomoa flashi katikati ya vita vya majoka. Wateja wakanizomea. Kinyozi akanifuata na taulo begani, na nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu kichwa, ambaye hakutaka kukosa mwisho.

Nikachomeka. Pango likatokea. Joka akafunua meno, na sauti ya baba mkwe ikajaa sebuleni. Watoto waliacha biskuti mikononi. Mwana wa mfalme akainamisha kichwa, na wazee watatu wa mbele wakainamisha vyao. Niliogopa kumtazama baba mkwe. Yeye akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Kisha akasema taratibu, "Maneno haya nayasema humu ndani miaka yote, na mnainuka kwenda jikoni. Leo kayasema joka, mmetulia."

Akafuta macho. Alikuwa na furaha! Nikajua chumba ni changu, nikaanza kupanga mahali pa feni ya pili. Akauliza nani amefanya kazi hii. Nikainuka. Lakini filamu ilikuwa inaendelea, na mtumishi mfupi akatokea mbele ya pango, akaanguka, akaanguka tena. Nikaganda. Mwishoni, pale nilipoandika jina langu, zikatokea herufi kubwa zenye mkasi pembeni: KAZI YA KINYOZI.

Baba mkwe akamkumbatia Kinyozi na taulo lake. Nikapaza sauti kuwa huyu ni mwizi, amechukua jasho la mtu, amelikatakata na kulibandika jina lake. Mke wangu akaniuliza polepole filamu zile alizitengeneza nani. Nikamwambia asichanganye mambo.

Chumba kimekwenda. Video ya harusi naambiwa niimalizie popote nitakapopata pa kukaa.

Jumatatu, 13 Mei

Studio mpya ni stoo, kati ya ndoo na baiskeli isiyo na mnyororo. Nyuma ya ukuta nasikia kiti cha pili kikizunguka. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nimeisoma shajara hii toka mwanzo. Ina kasoro ile ile ya filamu za majoka: ni ndefu mno, na anashinda mtu asiyestahili. Inataka mhariri. Alhamisi inatoka yote. Jumamosi inakuja kabla ya Jumatano, ili flashi isiwahi kufika kwa Kinyozi. Kinyozi mwenyewe namwondoa, hadithi haimhitaji. Baba mkwe namwacha afute macho, ila amtazame mkwe wake. Kurasa naanza kuzikata kesho.

Mkasi nimeazima kwa Kinyozi. Amenipa bila kinyongo, akauliza naenda kukata nini. Nimemweleza. Amesema ni wazo zuri sana, na kwamba wateja wake hupenda kitu cha kusoma wakisubiri. Ameomba nikimaliza nimwachie siku mbili tatu tu. Nakala ni hii hii moja, lakini ameniahidi kuitunza. Nimekubali.